Jina la Musa: Kiebrania cha Nani Ndani ya Jumba la Farao?

Swali hili aliniuliza mtoto wa darasa la Jumapili, tena tukiwa tumeshafunga vitabu na wenzake wanagombania mlango. "Mwalimu, yule binti wa Farao alikuwa Mmisri. Kiebrania alikijulia wapi?" Nikamjibu kwamba watoto wa wafalme husomeshwa sana. Hilo halikuwa jibu, naye alijua si jibu, maana alinyamaza kwa adabu ile ya mtoto anayemwonea huruma mtu mzima.

Mstari aliokuwa akiuulizia ni Kutoka 2:10. Biblia ya Muungano ya 1952 inasema binti Farao alimwita mtoto Musa, "akasema, Ni kwa sababu nilimtoa majini." Ukiusoma kwa Kiswahili huoni uhusiano wowote. Musa, nilimtoa: maneno hayo mawili hayafanani hata silabi moja. Uhusiano uko kwenye Kiebrania, ambako mtoto anaitwa Moshe na kitenzi ni masha. Sisi tunacho kitenzi kinacholingana nacho barabara, nacho ni kuopoa. Mtu huopoa ndoo iliyozama kisimani, wavuvi huopoa kilichoanguka baharini. (Vijana wa mtaani wamekipa kazi nyingine siku hizi, tuwaachie wenyewe.) Kama mfasiri angethubutu kuandika "akamwita Mwopoaji, kwa kuwa nilimwopoa majini," msomaji angeusikia mchezo wa sauti ulivyo. Nasema Mwopoaji, siyo Mwopolewa, kwa sababu nitakayoieleza.

Jina hili lina madai mawili yanayovutana. La kwanza linasema Moshe ni Kiebrania kama kitabu chenyewe kinavyodai. La pili linasema ni Kimisri, na maelezo ya "nilimtoa majini" yalikuja baadaye, pale masikio ya Waebrania yalipotafuta maana katika jina la kigeni. Watu wengi niliowasikia wakilizungumzia huchagua upande kabla ya kuangalia ushahidi: muumini upande wa kwanza, anayejiona msomi upande wa pili. Mimi nilianza upande wa kwanza nikaishia wa pili, ila sikufika huko kwa uhakika walionao wengine.

Tuanze na Kiebrania. Kitenzi masha si cha kila siku. Katika Biblia nzima ya Kiebrania kinapatikana mara tatu tu: hapa kwenye Kutoka, katika wimbo wa Daudi kwenye 2 Samweli 22, na katika Zaburi ya 18 ambayo ni wimbo uleule. Kote ni maji. Daudi anasema Mungu alimtoa "katika maji mengi". Kwa hiyo aliyeandika habari za kisafina, kile kikapu cha mafunjo ambamo mtoto alifichwa mtoni, hakuokota neno lolote lililokaribia kufanana na jina. Alipata neno la nadra lenye maana sawasawa na tukio. Hoja hii ina uzito, na wanaoshabikia Misri huipita haraka mno.

Lakini ina vikwazo viwili. Cha kwanza ni cha yule mtoto: msemaji ni Mmisri. Cha pili ni cha sarufi. Kwa sarufi ya Kiebrania, umbo la moshe ni la mtenda, yaani mwenye kuopoa. Aliyeopolewa angeitwa mashui. Binti Farao anamwita mtoto mwopoaji huku akieleza kwamba ni yeye, binti, aliyeopoa. Ni kama umwokote mtoto njiani halafu umwite Mwokotaji.

Si wasomi wa jana waliogundua haya. Wafafanuzi wa Kiyahudi waliyaona zamani sana, na majibu yao yanapendeza kuliko jibu langu la darasani. Ibn Ezra, aliyeishi karne ya 12, alisema jina la asili lilikuwa la Kimisri, na kwamba Moshe ni tafsiri yake kwa Kiebrania. Miaka mia tatu na ushei baadaye, Abarbanel akaja na usomaji wa kijanja zaidi. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na umbo la kitenzi kinachosomwa "nilimwopoa" laweza pia kueleweka "ulimwopoa", kwa kumwambia mwanamke. Hapo aliyetoa jina anakuwa mama mzazi, yule aliyeajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa ujira. Anamrudisha mtoto jumbani na kumwambia binti mfalme: anaitwa Moshe, kwa sababu wewe ndiwe uliyemwopoa. Swali la mtoto wangu limekwisha! Mwebrania ndiye aliyesema Kiebrania.

Nilipoufahamu usomaji huo nilitamani uwe kweli. Taabu yake ni kwamba mstari unatembea vizuri bila huo. Mama anampeleka mtoto kwa binti Farao, mtoto anakuwa mwana wa binti, kisha "akamwita". Katika mfululizo huo aliyepata mwana ndiye anayetoa jina. Kumrudisha mama kuwa mtenda bila kumtaja tena kunawezekana, ila kunamtaka msomaji awe tayari ana tatizo analotaka kuliponya.

Sasa Misri. Jaribio la kwanza la kulisoma jina hili kwa lugha ya huko ni la kale, nalo halikufaulu. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba Wamisri huita maji mo, na waliookolewa majini huwaita hyses. Alikuwa akilipasua jina la Kigiriki, Moyses, si la Kiebrania. Kinachonivutia ni kwamba karne nyingi baadaye, katika tafsiri kubwa ya Qurani ya at-Tabari aliyefariki mwaka 923, tunakuta jambo la jirani kabisa: kwa Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale, mu ni maji na sha ni miti, na mtoto aliitwa hivyo kwa kuwa aliokotwa penye maji na miti. Qurani yenyewe, inayomtaja Musa kwa jina mara 136, haielezi jina lake popote. Inasema tu katika sura ya 28 kwamba watu wa Firauni walimwokota, na kwamba mke wa Firauni, si binti, ndiye aliyeomba asiuawe. Hata hivyo Myahudi wa Roma na Mwislamu wa Baghdad walikwenda kupiga hodi mlango mmoja. Wote walihisi kwamba jina lililotolewa Misri halina budi kujibu kwa Kimisri. Na sehemu ya maji walipatia, kwani Kikopti huita maji moou. Kilichobaki ndicho kilichowashinda.

Maandishi ya Misri ya kale yalipoanza kusomeka karne ya 19, mlango mwingine ukafunguka. Mzizi wa Kimisri ms unamaanisha kuzaa au kuzaliwa, na majina yamejaa mzizi huo. Thutmose ni "Thoth amezaliwa". Ahmose amejengwa hivyohivyo kwa jina la mwezi. Ramesesi ni "Ra ndiye aliyemzaa". Ukiondoa jina la mungu mbele ya Thutmose, kinachobaki ni mose. James Henry Breasted, Mmarekani aliyebobea katika Misri ya kale, alilieneza wazo hili miaka ya 1930, na leo utalikuta karibu katika kila kamusi ya Biblia.

Wahubiri wanaolipenda wazo hili huongeza chumvi hapo: eti Musa alikuwa na jina kamili lenye mungu wa Kimisri ndani yake, akaja kulikata kichwa alipomjua Mungu wa kweli. Mahubiri matamu, lakini hatuyahitaji. Mose peke yake lilikuwa jina la mtu wa kawaida Misri. Huko Saqqara liko kaburi la karani mmoja wa wakati wa Ramesesi wa Pili aliyeitwa Mose, na kuta zake zina habari ndefu ya kesi ya shamba iliyosumbua ukoo wake vizazi kadhaa. Kesi ya shamba! Mtu huyo angeweza kuwa jirani yetu. Jina lake halikukatwa kutoka popote kwa sababu za dini. Watu walifupisha majina, kama Abdulrahmani anavyokuwa Dula.

Mazingira nayo yanaunga mkono. Simulizi la kisafina limejaa maneno yenye asili ya Kimisri ndani ya Kiebrania chake: neno la mto Nile, neno la mafunjo yaliyosukwa, neno la majani ya kando ya mto. Hata neno la kisafina chenyewe wengi hulihusisha na neno la Kimisri la sanduku. (Ndilo neno lilelile la safina ya Nuhu, na halitumiki kwa chombo kingine chochote katika Biblia.) Ukitazama kabila la Lawi, kabila la Musa, unakutana na Finehasi, jina la Kimisri lenye maana ya Mnubi, na Hofni, ambaye jina lake linafanana na neno la Kimisri la kiluwiluwi. Koo zilizobeba majina ya namna hiyo zinaweza kubeba na Mose bila mtu kushangaa.

Hadi hapa unaweza kudhani kesi imekwisha, na waandishi wengi huimaliza hapa. Haijaisha, kwa sababu ya sauti moja.

Kwa Kimisri sauti ya mose ni s. Kwa Kiebrania jina limeandikwa kwa herufi shini, yaani sh. Kiebrania kinayo herufi ya s, sameki, na ndiyo inayotumika majina ya Kimisri yanapoandikwa. Ramesesi, mji uliotajwa katika Kutoka 1:11, una mzizi uleule wa ms, na umeandikwa kwa sameki. Ni kitabu kilekile, ukurasa mmoja kabla. Finehasi naye ana sameki. Basi kwa nini mzizi mmoja uandikwe kwa s kwenye jina la mji na kwa sh kwenye jina la mtu? Hoja hii ndiyo iliyomfanya Kenneth Kitchen wa Chuo Kikuu cha Liverpool, bingwa wa Misri ya enzi za akina Ramesesi, aukatae unasaba wa Kimisri. Kwake Moshe ni Kiebrania tangu mwanzo, na Wamisri walilisikia tu likifanana na majina yao. Nalitaja jina la Kitchen kwa makusudi, kwa maana wapo wanaodhani upande wa Kiebrania unashikiliwa na wasiojua Kimisri. Huyu alikijua kuliko karibu wote waliombishia.

J. Gwyn Griffiths, msomi mwingine wa Misri ya kale, alijaribu kujibu pingamizi hilo mwaka 1953, na mjadala umeendelea tangu hapo. Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kuelewa kiini chake. Chukua shalom ya Kiebrania na salaam ya Kiarabu. Neno moja, lugha mbili ndugu, mmoja anasema sh na mwingine s. Jua ni shemesh kwa mmoja na shams kwa mwingine: sh ya Kiebrania ya mwisho wa neno ni s kwa Kiarabu. Sauti hizi zimekuwa zikihamahama katika lugha za Kisemiti, na wanaisimu wengi wanaona kwamba zamani sana, kabla Kiebrania hakijaandikwa, sauti ya shini ilikuwa karibu zaidi na s, na sameki ilikuwa na sauti nyingine, ya kama ts. Ikiwa hivyo, jina la Kimisri lenye s lililoingia mapema lingeangukia kwenye shini, na lililoingia baadaye kwenye sameki. Mji wa Ramesesi ungeweza kuandikwa kwa matamshi ya wakati wa mwandishi, ilhali jina la Musa lilikuwa limeshakaa vinywani mwa watu vizazi na vizazi.

Jibu hili linanitosha nusu. Finehasi analiharibu, kwa sababu naye ni wa kizazi cha mwanzo na bado ana sameki. Unaweza kusema jina lake liliandikwa upya baadaye, lakini ukianza kusema hivyo kila jina linalokusumbua litakuwa limeandikwa upya baadaye.

Kinachonipeleka upande wa Misri ni kitu kingine, nacho nilikipata kwenye lugha yetu wenyewe. Tazama neno kitabu. Waarabu walituletea kitab, na ki yake ni sehemu ya mzizi, haina uhusiano wowote na ngeli. Mswahili alisikia ki, akaona kiti, kisu, kikapu, akasema: basi vikiwa vingi ni vitabu. Madigadi ya gari nayo ni mudguard ya Kiingereza, nasi tukaikata vipande, moja tukaiita digadi, kana kwamba ma- ya mbele ni ya wingi kama ya magari. Lugha ikipokea mgeni haimwachi kama alivyokuja. Humvalisha nguo za nyumbani, na mara nyingine humbadilisha hata sauti ili nguo zimkae.

Sasa fikiria Mwebrania mwenye jina Mose mkononi na kitenzi masha kichwani, na hadithi ya mtoto aliyeopolewa. Kuvutwa kwa s kuelekea sh hakuhitaji kanuni ya kisauti hapo. Kunahitaji mtu anayependa jina limaanishe kitu. Na hili ndilo linaloeleza lile kosa la sarufi lisiloelezeka kwa njia nyingine. Kama mwandishi angekuwa huru kubuni jina la "aliyeopolewa", angebuni mashui. Hakubuni. Alikuwa na jina tayari, lilikuwa Moshe, lilikuwa linajulikana na kila mtu, na alilazimika kulieleza lilivyo, hata kama umbo lake lilikuwa la mtenda. Ule mkunjo mdogo kati ya jina na maelezo ndio ushahidi kwamba jina lilitangulia maelezo.

Biblia hufanya hivi mahali pengi, wala haioni haya. Babeli inaelezwa katika Mwanzo 11 kwa kitenzi cha kuchafua lugha, balal, ingawa wenyeji wa mji waliuelewa kama Bab-ili, lango la mungu. Hana anamwita mwanawe Samweli kwa sababu "nimemwomba kwa BWANA", na kila anayesoma Kiebrania anaona kwamba neno la kuomba linamfaa Sauli, jina lenye maana ya "aliyeombwa", kuliko Samweli. Nasi tunayo ya kwetu: wapo wanaoeleza Zanzibar kwa Kiarabu kuwa "nchi hii ni nzuri", na maelezo yanapendeza, ila jina linatokana na Zangi na bar, pwani ya watu weusi. Anayesimulia ile ya kwanza si mwongo. Anaeleza jina linamwambia nini yeye.

Na ikiwa jina ni la Kimisri, mtu ni wa wapi? Sigmund Freud, daktari maarufu wa mambo ya nafsi, alilichukua jina hili katika kitabu chake cha mwaka 1939 akajengea juu yake nadharia nzima kwamba Musa alikuwa Mmisri kwa damu. Hapo naona aliruka ukuta usio na upande wa pili. Ukimwona mtu anaitwa Daudi au Josephine hapa kwetu hutasema ni Myahudi. Biblia yenyewe inatupa Yusufu, ambaye Farao alimwita Safenath-panea, na Danieli, aliyeitwa Belteshaza huko Babeli. Mwebrania aliyekulia mikononi mwa Wamisri akiitwa kwa jina la Kimisri ni jambo la kutarajiwa. Angeitwa kwa Kiebrania ndani ya jumba lile, wakati wavulana wa Kiebrania walikuwa wakitupwa mtoni kwa amri, hapo ndipo tungekuwa na la kujiuliza.

Kuna jambo dogo la kuchekesha upande wetu. Biblia ya Muungano inaandika Musa, umbo la Kiarabu lililoingia Kiswahili kupitia Uislamu. Biblia ya Habari Njema inaandika Mose. Shuleni utakuta Moses na Musa kwenye dawati moja, mmoja akienda kanisani na mwingine msikitini, na wote wawili wakidhani jina la mwenzake ni la dini nyingine. Umbo la Mose limekuja kwetu kutoka Ulaya, kupitia Ugiriki, na limeishia kufanana kabisa na jina la yule karani wa Saqqara mwenye kesi ya shamba. Ni bahati tu. Hata s ya Musa ni bahati: imefuata njia ya salaam, haikutoka Misri.

Yule mtoto nilimrudia Jumapili iliyofuata. Nikamwambia kwamba huenda binti Farao alimpa jina la kwao, la mtoto aliyezaliwa, na Waisraeli wakalisikia kwa lugha yao. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo wao ndio walisema ameopolewa?" Nikamwambia hapana, walisema mwopoaji, kisha nikamfungulia Isaya 63:11, pale watu wanapokumbuka siku za kale na kuuliza yuko wapi aliyewapandisha toka baharini. Mwanzoni mwa mstari huo tafsiri yetu ina maneno "Musa na watu wake". Kiebrania kina maneno mawili tu, moshe ammo, bila neno la "na" katikati. Yanaweza kusomwa vilevile: mwenye kuwaopoa watu wake.

Akaomba kalamu, akaliandika pembeni ya ukurasa. Biblia ilikuwa ya kanisa, lakini sikumkataza.